Ushauri kwa Mwenye Betri Zilizochoka

Ni ada ya watu wengi wa Musoma, kama ilivyo ada ya jirani zao wa Bunda na Butiama, kwamba betri za redio na za tochi zinapodhoofu huanikwa juani juu ya bati au kwenye kizingiti cha dirisha mpaka zipate moto, kisha jioni zikarejeshwa mahali pake zikafanya kazi kitambo kabla ya kunyamaza tena. Wako wasomi wanaoicheka ada hiyo, nami siicheki hata kidogo, kwa sababu joto huharakisha kazi ya kemikali zilizomo ndani ya betri, na mwenye kuianika amelijua jambo hilo kwa uzoefu wake bila ya kufundishwa na mtu. Kosa lake ni moja tu, nalo ni kudhani kwamba betri iliyokataa kuwasha tochi hata baada ya kuanikwa imekwisha nguvu zake zote, akaitupa jalalani au, vibaya zaidi, ufukoni mwa ziwa, ilhali aghalabu betri hiyo ingali na akiba ya kutosha kuwasha taa ndogo ya chumbani kwa saa nyingi.

Nakusudia hapa kumwonyesha msomaji, awe fundi redio katika barabara ya Mukendo, awe mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Ufundi Musoma, au awe mtu yeyote mwenye mkono mwepesi na subira, namna ya kujenga saketi ndogo ya transista moja inayoinua volti za mkondo mnyoofu, ili betri moja isiyofika hata volti moja na nusu iweze kufanya kazi ya volti tatu. Nitaeleza pia, tena kwa kirefu, mahali ambapo saketi hii haifai, kwa maana katika mambo ya umeme watu hupoteza fedha zao zaidi kwa kutumainia yasiyowezekana kuliko kwa kutojua yanayowezekana.

Tuanze na betri yenyewe. Ukiichukua betri mpya ya tochi ukaipima kwa mita, utaona volti 1.5 au zaidi kidogo, na kadiri inavyotumika ndivyo volti zinavyoshuka, hata zikifika kama 1.0 vyombo vingi huikataa. Taa ndogo nyeupe ya LED, ambayo ndiyo iliyoenea sasa katika tochi na mataa yetu yote, huhitaji kama volti 3 ili iwake sawasawa, na zikipungua chini ya 2.5 haitoi mwanga wa maana, hata ukizipanga betri ishirini ubavu kwa ubavu, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Kuzipanga hivyo huongeza wingi wa umeme wala hakuongezi msukumo wake. Ziwa zima la Viktoria limelala chini ya mlima wa Mukendo, na hakuna hata ndoo moja ya maji yake itakayopanda mlimani pasipo pampu. Tunachotaka kukijenga ni pampu.

Haja hii si ya leo. Redio za valvu, zilizokuwa zikitumika wakati Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, zilihitaji aghalabu volti 90 hivi, na kwa kuwa hapakuwa na njia sahali ya kuzipandisha volti za betri ndogo, ilibidi msikilizaji asiye na umeme wa nyumbani anunue betri kavu kubwa yenye vipande vingi vilivyofungwa pamoja, ikiwa nzito na ghali. Walioweka redio ndani ya magari walitumia kidude kilichotetema kwa sumaku, kikiukata na kuuunga mkondo wa betri ya gari mara nyingi kwa sekunde, ili transfoma ipate kuupandisha. Nacho kilifanya makelele, na ncha zake zikaungua upesi. Transista, iliyozaliwa katika maabara za Bell huko Marekani mwezi Desemba 1947 kwa kazi ya John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, ndiyo iliyoondoa haja ya kidude kile, kwa kuwa inaweza kuukata na kuuunga mkondo makumi elfu ya mara kwa sekunde bila ya kutikisika na bila ya kuchakaa. Ama umbo lenyewe la saketi nitakayoieleza, ijapokuwa asili yake ni ya zamani, lilienezwa kwa mafundi wa nyumbani na Z. Kaparnik aliyelichapisha katika jarida la Uingereza la Everyday Practical Electronics, toleo la Novemba 1999, akiwasha LED moja kwa betri moja.

Vifaa vyake ni vinne, na hakuna hata kimoja cha kuagiza mbali: pete ya feriti, waya mwembamba wa shaba, transista moja, na rezista moja, kisha taa yenyewe na betri. Pete ya feriti, yaani kile kidude cheusi au cha kijani mfano wa kipete cha mtoto, utaipata ndani ya taa mbovu za kubana matumizi, zile zenye mrija wa kioo uliojipinda, ambazo kila nyumba yenye umeme wa TANESCO imewahi kuzitupa. Lakini hapa lazima niweke tahadhari mbili. Ya kwanza, mrija ule una zebaki, na zebaki ni sumu. Usiuvunje, bali fungua kitako cha plastiki kwa bisibisi bapa na kuuacha mrija mzima. Ya pili, ndani ya kitako mna kapasita iliyozoea kubeba volti zaidi ya 300, nayo huweza kubaki na chaji hata taa ikiwa imechomolewa. Basi usiiguse kabla ya kuipitishia rezista kubwa kwenye miguu yake miwili na kuhakikisha kwa mita kwamba imetulia. Ukiisha kuitoa pete, utaikuta imezungushiwa nyaya tatu fupi, ziondoe zote.

Waya mzuri ni ule wenye vanishi utumiwao na mafundi wa kusuka mota, mwembamba kiasi cha uzi mnene wa kushonea. Transista iwe ya aina ya NPN, na hapa fundi ana uwanja mpana: BC547, C945, C1815, S8050, zote zafaa, na ile S8050 ndiyo ningeichagua mwenyewe kwa kuwa huvumilia mkondo mkubwa zaidi. Transista zilizomo ndani ya zile taa mbovu, zenye namba 13001 na 13003, usizitumie kwa kazi hii. Zimefanywa kwa volti kubwa, na kwa betri dhaifu hukuza mkondo kwa uchache mno. Rezista iwe ya ohmu 1,000, yenye mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu.

Sasa kazi yenyewe. Kata nyaya mbili, kila mmoja nusu mita, uzishike pamoja kana kwamba ni waya mmoja, uzipitishe ndani ya pete na kuzizungusha mara kumi au kumi na mbili, ukizisambaza kuizunguka pete yote wala usizirundike upande mmoja. Ukimaliza utakuwa na ncha nne: mbili pale ulipoanzia, na mbili pale ulipoishia. Kwangua vanishi kwa wembe kwenye kila ncha mpaka shaba ing'ae, kwa sababu lehemu haishiki juu ya vanishi, na mafundi wengi wanaolalamika kwamba saketi yao ni bubu hawana kosa jingine ila hilo. Kisha kwa mita tambua ncha zipi ni za waya mmoja. Waya wa kwanza uupe jina la A, wa pili B.

Hatua inayofuata ndiyo roho ya saketi, nayo yataka utulivu. Chukua mwanzo wa A uuunge na mwisho wa B, usifanye mwanzo kwa mwanzo wala mwisho kwa mwisho. Kiungo hicho ndicho kitakachokwenda kwenye chanya ya betri. Ule mwisho wa A uliobaki upitie kwenye rezista na kuingia besi ya transista. Ule mwanzo wa B uliobaki uende moja kwa moja kwenye kolekta. Emita iunge na hasi ya betri. Taa ya LED iweke baina ya kolekta na emita, mguu wake mrefu ukiwa upande wa kolekta. Miguu ya transista usiikisie: ukiishika BC547 kwa upande wake bapa ukikuelekea na miguu ikiwa chini, kutoka kushoto utapata kolekta, besi, emita; C945 na C1815 ni emita, kolekta, besi; S8050 ni emita, besi, kolekta. Tofauti hii imewachosha watu wengi, na anayefuata mchoro wa transista moja huku ameshika nyingine hataona mwanga hata akeshe.

Yatokeayo ndani ya saketi ni haya. Unapoweka betri, mkondo mdogo hupita kwenye rezista na kuifungua transista kidogo. Mkondo wa kolekta ukaanza kukua ndani ya waya B. Na kwa kanuni aliyoifichua Michael Faraday mwaka 1831, ukuaji ule huzaa volti katika waya A, tena kwa upande unaoongeza msukumo wa besi, hata transista ikafunguka kabisa kwa ghafla. Mkondo huendelea kukua mpaka transista ishindwe kuubeba zaidi, au pete ishibe usumaku. Hapo ukuaji husita, msaada wa waya A hutoweka kisha hugeuka kuwa kinyume, na transista hujifunga kwa ghafla ile ile iliyojifungua kwayo. Walakini usumaku uliokwisha kukusanywa ndani ya pete hauwezi kupotea hivi hivi. Hulazimika kutoka, na kwa kuwa njia ya transista imefungwa, volti kwenye kolekta hupanda juu ya zile za betri mpaka zipate njia nyingine, na njia hiyo ni taa yetu. Taa humeta, usumaku huisha, na mzunguko huanza upya, makumi elfu ya mara kila sekunde, jicho lisione ila mwanga uliotulia.

Kama taa haiwaki, usikimbilie kubadili transista. Badilishana kwanza ncha mbili za waya A, ile iendayo kwenye rezista ije kwenye chanya na ile ya chanya iende kwenye rezista, kwa maana mara nyingi saketi iliyonyamaza ina koili zinazopingana badala ya kusaidiana. Kisha angalia miguu ya LED. Kisha kwangua tena ncha za waya. Na kama unataka kujua kwa yakini iwapo saketi inatetema ama haitetemi, washa redio ya masafa ya kati, iweke mahali pasipo na stesheni, uisogeze karibu na pete: saketi iliyo hai itasikika ndani yake kwa mlio mkali, nayo iliyokufa haitasikika. Njia hii sioni ikisemwa vya kutosha, na hali ni bora kuliko mita nyingi za bei rahisi, ambazo mbele ya mkondo unaokatwakatwa hutoa namba za kubabaisha.

Mwanga ukiwa hafifu, unaweza kupunguza rezista hadi ohmu 470, nao utaongezeka, lakini betri italiwa upesi zaidi. Hapa ndipo tunapofikia lile jambo ambalo kwa rai yangu ni kubwa kuliko saketi yenyewe.

Saketi hii hupandisha volti, haizalishi nguvu. Kinachoongezeka kwenye volti hupungua kwenye ampea, na sehemu nyingine hupotea kuwa joto ndani ya transista, waya na pete. Tuseme betri ya volti 1.5 inatoa miliampea 60: hizo ni miliwati 90. Tukikadiria kwamba saketi ya mkono hufikisha asilimia 60 ya nguvu hiyo, tutabaki na miliwati 54, na kwa taa ya volti 3.2 hiyo ni kama miliampea 17, ambayo yatosha kuonea njia ya chooni, kutafuta kiberiti, au mtoto kusoma akiisogeza taa karibu ya kitabu. Kwa kazi hizo saketi ni neema, na itaendelea kuwaka, kwa unyonge unaozidi kidogo kidogo, mpaka betri ishuke karibu ya volti 0.6, ambapo transista ya silikoni haina tena msukumo wa kujifungulia.

Atakuja mtu aseme: kama volti zapanda, basi nichajie simu kwa betri moja ya tochi. Mfanyie hesabu papo hapo. Simu inayotaka volti 5 kwa ampea 1 inataka wati 5. Betri ya volti 1.5 italazimika kutoa zaidi ya ampea 3 hata kama hakuna kinachopotea njiani, na tukihesabu upotevu ni zaidi ya ampea 5, na betri ya tochi iliyochoka haiwezi kutoa hata sehemu ndogo ya hizo bila ya volti zake kuporomoka. Pawabenki hufanya kazi hiyo hiyo ya kupandisha volti, lakini ndani yake mna betri ya lithiamu ya volti 3.7 yenye uwezo wa kutoa ampea moja na nusu au mbili kwa raha, pamoja na chipu iliyofanywa kwa kazi hiyo tu. Kwa simu nunua kibao kilichokwisha kutengenezwa, kama kile cha chipu ya MT3608, ambacho hakipokei volti chini ya 2 lakini juu ya hapo hufanya kazi kwa uhodari ambao pete yetu na transista yetu haziwezi kuufikia. Sioni fahari yoyote katika kujenga kwa mkono kitu kitakachomharibia mtu simu yake.

Swali la pili litatoka mwaloni. Wavuvi wa dagaa, kuanzia Mwigobero hapa mjini hadi mialo mingine ya Mara, huvua usiku wa giza kwa kuwavuta dagaa kwenye mwanga, na usiku wa mbalamwezi hupumzika. Taa zao, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa nyingi ni za LED zenye betri zinazochajiwa kwa jua. Je, taa ya volti 12 yenye wati 10 yaweza kuwashwa kwa betri ndogo na saketi hii? Haiwezi asilani. Kwa betri ya volti 6 ya pikipiki na kibao kizuri kinachofikisha asilimia 85, mkondo utakaotoka betrini ni kama ampea 2, nalo ni jambo linalowezekana iwapo waya ni mnene na mfupi na kila kiungo kimefunikwa dhidi ya maji. Lakini fundi anayemuuzia mvuvi kidude cha transista moja akimwambia kitawasha taa ya mtumbwi amemdhulumu, kwa kuwa huko ziwani usiku hakuna duka la kurudishia.

Kwa anayetaka kupata mkondo mnyoofu uliotulia badala ya mmeto wa taa, aondoe LED na mahali pake aweke diodi kutoka kolekta, kisha kapasita ya mikrofaradi 47 au 100 baina ya mwisho wa diodi na hasi. Diodi iwe ya aina ya Schottky, kama 1N5819. Ile 1N4007 ijaayo mezani kwa kila fundi ni nzito mno kwa kasi hii na itakula nusu ya faida. Sambamba na kapasita aweke diodi ya Zener ya volti 5.1, na hili si la hiari. Saketi isiyokuwa na kitu cha kukilisha huendelea kupandisha volti bila ya kujua pa kukomea, zikafika 30 na kupita, na kapasita ya volti 16 iliyowekwa hapo itavimba au kupasuka, na transista nayo hufa kimya kimya. Kwa sababu hiyo hiyo usiichomoe LED ya saketi ya kwanza huku betri ikiwa ndani.

Mintarafu ya betri, nina machache. Za kawaida zisizochajiwa zikamue upendavyo, ila uzitoe mara mwanga unapokwisha, kwa maana kopo la zinki la betri ya namna hiyo huliwa kadiri inavyotumika, na likitoboka maji yake makali hutoka na kula chemchemi za tochi. Zile za kuchajiwa za volti 1.2 usizishushe chini ya 0.9, na za lithiamu usizishushe chini ya 3. Saketi hii haina huruma wala haijui kukoma, ni wewe wa kuizima. Zilizokwisha kabisa zikae katika kopo kavu lenye mfuniko, mbali na watoto na mbali na maji ya kunywa, mpaka apatikane wa kuzipokea.

Na akiwapo fundi ambaye chini ya meza yake kuna redio kuukuu ya miaka ya sitini, asiitupe kabla ya kutazama ndani. Transista za jerimani (germanium) za wakati ule, kama AC128, hufunguka kwa volti 0.2 au 0.3 tu, kwa hiyo saketi iliyojengwa kwa mojawapo huendelea kuwaka pale ile ya silikoni iliposalimu amri. Aikumbuke tofauti moja: AC128 ni PNP, basi chanya na hasi ya betri zibadilishane mahali, na LED nayo igeuzwe.